Pointi za Papa Ezéchiel

Watu wa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, waliokaa pale miaka mingi wanamjua Célestine kwa vitu viwili: mshono wake, ambao hauachi uzi nje, na gari lake. Gari lenyewe ni Fairmont GT ya mwaka sabini na moja, rangi ya chungwa lililoiva kupita kiasi, injini ya silinda nane, na likiwashwa asubuhi vikombe vya jirani vinagongana kabatini. Watoto wa mtaa walilipa jina la Kifaru. Jina likashika, mpaka Célestine mwenyewe akawa anasema Kifaru kalala, Kifaru kaamka, kama anayetaja mtu wa nyumbani.

Hakulinunua yeye. Lilinunuliwa na mumewe, Ezéchiel, mwaka elfu mbili, alipokuwa mlinzi kwenye maegesho ya ofisi moja huko Randburg. Mzee mmoja Mzungu aliyekuwa anahamia kwa watoto wake ng'ambo alimwuliza kama anamjua mtu wa kulichukua gari lililokufa. Ezéchiel akasema anamjua, ni yeye mwenyewe. Likavutwa kwa kamba mpaka Yeoville. Célestine alikuwa anangoja friji. Alisimama mlangoni, binti yake Murielle wa miaka miwili kiunoni, akakiangalia kile chuma, na siku tatu akakipita kama hakipo. Siku ya nne alishika tochi.

Ndipo alipojifunza pointi. Ndani ya gari la zamani, chini ya kifuniko cha distributa, kigawa umeme cha injini, kuna vinundu viwili vya chuma vinavyokutana na kuachana, na kila vinapoachana cheche inarukia kwenye plagi. Mwanya kati yao ni mdogo kama unene wa kucha. Ukiwa mkubwa, gari linakohoa. Ukiwa mdogo, linachoka. Ezéchiel alikuwa anaupima kwa kipande cha kasha la kiberiti, kama alivyofundishwa kwao Bukavu, Kongo, na kila mara alikosea kidogo. Célestine alimwangalia mara mbili tatu, kisha akaingia ndani akatoka na ganda la paketi ya sindano za cherehani, akalikunja mara moja, akalipitisha. Injini ikatulia. Ezéchiel alicheka, akakitupa kile kipande chake cha kiberiti, na tangu siku hiyo pointi zikawa kazi ya mke wake. Yeye alishika mengine.

Mtu aliyesoma mpaka darasa la sita, akavuka Zambia ndani ya lori la mbao akiwa na cherehani ya mkono mapajani, hapewi sifa kila siku. Kwa hiyo hii aliitunza. Ezéchiel alipofariki, miaka sita iliyopita, Célestine aliendelea peke yake: mara moja kabla ya mvua, mara moja baada ya mvua, anavaa aproni, anafungua boneti, anapima kwa ganda la sindano. Na kila Jumapili akitoka kanisani alikuwa anakaa ndani ya Kifaru uani, anawasha funguo bila kuwasha injini, na kusikiliza kaseti ya kwaya ya parokia yao ya Bukavu. Sauti nzito inayoingia ya tatu ilikuwa ya Ezéchiel. Walikuwa wanafanya hivyo wote wawili alipokuwa hai, naye hakuona sababu ya kuacha.

Sasa Murielle alikuwa anaolewa. Mchumba ni Hénock, kijana mpole wa watu wa Uvira, na harusi ilipangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye kanisa lao dogo la Troyeville.

Akina mama wa kanisa hilo wana desturi waliyotoka nayo milimani. Gari linalomtoa bibi-arusi kwa wazazi wake, injini yake haizimiki mpaka mlango wa kanisa. Wanasema kule Bukavu, kwenye matope ya kupanda, gari likizimika lilikuwa haliwaki tena, na bibi-arusi alishuka akasukuma pamoja na wajomba. Hapa barabara ni za lami na starta ni nzima, lakini desturi ilibaki. Likizimika njiani, bibi-arusi anashuka, anahamia gari jingine, na habari hiyo inakaa kanisani kuliko hata jina la padri aliyewafungisha.

Célestine alijua yote hayo. Hata hivyo, siku ya kupokea mahari, alisimama mbele ya akina mama wote akasema Murielle atatoka kwake kwa gari la baba yake. Akalisema polepole, kila mtu alisikie.

Jumapili ya mwisho kabla ya harusi aliwapakia wenzake watatu kuwarudisha nyumbani. Kwenye taa za barabarani za Bezuidenhout Valley, ambazo hapa huitwa robot, zikiwa nyekundu, Kifaru alitetemeka, akapumua, akazimika. Aliwaka. Robot iliyofuata akazimika tena. Kiti cha nyuma alikuwa amekaa Clémentine, mwanamke wa kusuka nywele, ambaye gari la harusi ya binti yake lilizimika mwaka juzi na ambaye tangu hapo alikuwa anangoja mwenzake wa aibu.

"Mama Murielle," alisema Clémentine, "huyu Kifaru anataka maombi, ama anataka majani?"

Wenzake walicheka mpaka vitambaa vya kichwa vikalegea. Célestine hakucheka. Alifika kwake, akafungua boneti, akapima mwanya, akaupata sawa. Siku ya pili akaupima tena, sawa, na gari likazimika vilevile.

Murielle alikuja jioni ya siku hiyo kutoka kazini Randburg. Yeye Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Alimweleza mama yake bila hasira kwamba ameshaona gari jeupe la kukodi, na kwamba hatashuka katikati ya barabara na gauni la mita sita. Alimpa mpaka Jumatano. Célestine alikuwa anapindisha upindo wa gauni hilohilo. Aliendelea kupindisha, akasema Jumatano ni mbali.

Asubuhi alimpeleka Kifaru kwa Bakiri. Bakiri ni fundi umeme wa magari, mtu wa Tanga, karakana yake iko nyuma ya nyumba moja ya zamani huko Troyeville. Yeye na Ezéchiel walikuwa marafiki tangu siku ile gari lilipovutwa kwa kamba, kwa hiyo Célestine kwake ni shemeji, naye kwa Célestine ni shemeji. Kwa miaka minne alikuwa anamwambia aondoe pointi, aweke kidude cha elektroniki, na kwa miaka minne shemeji yake alikuwa anamwuliza kama amechoka kuwa fundi.

Safari hii Bakiri hakubishana. Alifungua kifuniko cha distributa, akamwomba Célestine atoe ganda lake la sindano apime pembe ya kwanza. Mhimili wa distributa ile una pembe nane, moja kwa kila silinda. Ya kwanza ilikuwa sawasawa. Bakiri akazungusha injini kidogo. Ya pili sawa. Ya tatu ganda halikupita. Ya tano lilipita na nafasi ikabaki. Kisha akaushika ule mhimili kwa vidole viwili, akautikisa, nao ukacheza kulia na kushoto.

Célestine akautikisa naye. Alikuwa ameshaona jambo hili mahali pengine. Cherehani yake ya kwanza ilifika siku ambayo kila mshono wa kumi uliruka, na alirekebisha uzi, akabadilisha sindano, akamlaumu muuza nyuzi, kumbe ndani mhimili ulikuwa umelika. Hakuna mkono wa mtu unaopima vizuri kitu kinachocheza.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu Ezéchiel yupo," Bakiri alisema. "Mkono wako ndio ulikuwa unaificha kasoro hii. Mwingine gari lingemshinda zamani."

Alisema hivyo akitazama pembeni, maana si mtu wa kusifu. Akaeleza kwamba distributa nyingine ya gari la namna hii angeitafuta miezi, lakini kidude kipya hakigusani na kitu, kinasoma sumaku inayozunguka, na kucheza kidogo hakukisumbui. Célestine akavua saa, akakunja mikono ya blauzi, akasema kama ni kuzitoa pointi, atazitoa yeye.

Alizitoa kwa bisibisi ndogo ya cherehani. Kabla ya kugusa chochote alipiga alama kwa chaki ya fundi nguo, mstari mmoja kwenye distributa, mmoja kwenye injini, ili kila kitu kijue kwao. Bakiri akamwelekeza: bamba jipya pale zilipokuwa pointi, pete ya sumaku kwenye mhimili, waya mwekundu huku kwenye koili inayokuza umeme wa cheche, mweusi huku. Waya wa zamani wa koili ulikuwa unapunguza umeme makusudi kwa ajili ya pointi, kwa hiyo Bakiri akavuta mwingine mpya kutoka kwenye swichi ya funguo, na ule wa zamani akaufunga tepu akaulaza kando. Walipowasha, Kifaru hakukohoa hata kidogo. Bakiri aliangaza taa yake ya kupimia, akaisogeza distributa mbele kwa unywele, akasema Johannesburg iko juu, hewa yake nyepesi, gari la hapa linataka cheche mapema kuliko la Tanga. Injini ikashuka ikatulia, nzito, bila kuyumba. Célestine aliweka kikombe cha chai juu ya bawa la gari, pale juu ya gurudumu la mbele. Chai ilitetemeka lakini haikumwagika.

Pointi za zamani na kondensa yake, kile kikopo kidogo cha umeme kinachozilinda, alizifunga kwenye ganda la sindano. Bakiri alimwambia azitupe. Célestine alimjibu kwamba hajamwomba nafasi ya kuziweka kwake.

"Basi sikiliza hili moja, shemeji," alisema Bakiri. "Ukiwasha funguo, washa na injini. Usiache funguo imewashwa, injini imelala. Pointi zilikuwa zinavumilia. Hiki hakivumilii, kinaungua kimya kimya."

Célestine alisema amesikia, na kweli alisikia. Jioni ya siku hiyohiyo, Jumanne, alimchukua Murielle kazini Randburg na Kifaru, akapita robot zote alizozijua, na binti yake akafuta lile gari jeupe kwenye simu mbele ya macho yake.

Jumamosi ya harusi uani kulikuwa na watu tangu saa kumi na mbili. Akina mama walifunga utepe mweupe kwenye boneti, maua kwenye vioo, na kitambaa cha kitenge kipya juu ya kiti cha nyuma. Clémentine ndiye aliyekuwa anapanga maua. Akasema kazi imekuwa kimya kama ya msiba, kwani hakuna hata wimbo. Wengine walitaka kuweka nyimbo za simu. Célestine, katika vazi lake la harusi, shingo imenyooka, alisema hapa kuna wimbo. Akaingia ndani ya gari, akasukuma kaseti, akageuza funguo. Kwaya ya Bukavu ikajaa uani. Akina mama wakaipokea, kila mmoja kwa sauti yake, mikono ikiwa kwenye maua. Ilipoingia ile sauti nzito ya tatu, wale waliomjua Ezéchiel waliangaliana. Célestine alisimama pale mpaka upande wote wa kaseti ukaisha, na hakuna mwaka katika ile miaka sita aliosikia fahari kama ya nusu saa hiyo.

Saa tatu na nusu Murielle alitoka na gauni lake, akaingizwa kiti cha nyuma kwa uangalifu, pazia la kichwa kwenye mapaja. Misa ilikuwa saa nne na nusu. Lambert, mdogo wake Ezéchiel, ndiye aliyekuwa wa kuendesha. Aligeuza funguo. Starta ilizunguka kwa nguvu. Injini haikushika. Akarudia. Haikushika.

Lambert alirudia mara ya tatu, kisha akaacha mikono juu ya usukani kama mgeni.

Bakiri alikuwa ndiyo kwanza anafika, amevaa kanzu na kofia yake ya kufuma, maana alialikwa kama ndugu wa Papa Ezéchiel. Hakusalimia mtu. Alifungua boneti, utepe ukakatika, akaweka kiganja juu ya koili, akakiondoa upesi. Ilikuwa ya moto kama pasi.

"Nani ameacha funguo?" aliuliza.

Kaseti ilikuwa bado imechomoza nusu kwenye redio. Clémentine alikuwa anaangalia maua yake. Célestine angeweza kukana tu, akasema ni akina mama, ni haraka ya asubuhi, na kila mtu angekubali.

"Ni mimi," alisema. "Uliniambia, nikasikia, na bado nimefanya. Kwa mkono wangu."

Bakiri alifikicha vidole vyake. Akasema kidude kimekwenda, na duka lenye kingine liko Randburg. Kwenda na kurudi, pamoja na kukifunga, misa itakuwa imekwisha. Murielle alikuwa ameshika simu. Mama yake aliiona, akajua namba iliyokuwa pale ni ya lile gari jeupe. Akaja mpaka dirisha la nyuma, akainama, lakini hakuomba kitu. Alisema tu kwamba pointi za baba yake anazo.

Murielle alimwangalia. Kisha akaiweka simu chini ya maua.

"Fanya, Mama," alisema, kwa Kiswahili. "Mimi nangoja."

Célestine aliingia ndani, akavuta droo ya cherehani, akatoka na lile ganda la sindano na aproni juu ya vazi la harusi. Mtu akaleta mkeka akauegemeza kwenye bawa la gari asije akachafuka. Alitoa bamba, akatoa pete ya sumaku, akarudisha pointi na kondensa. Mstari wa chaki ulikuwa bado upo, mweupe, akausogeza mstari wa pili mpaka ukaonana na wa kwanza. Bakiri akafungua tepu kwenye waya wa zamani akaurudisha kwenye koili. Mwanya aliupima pembe zote nane, na kwa kuwa hazikukubaliana, alitafuta mahali ambapo hakuna hata moja itakayokataa kabisa. Kazi hiyo ndiyo iliyochukua muda. Clémentine, bila kuombwa, alikuwa ameshika kifuniko cha distributa kwa mikono miwili kama anayeshika sahani ya ibada.

Kifaru aliwaka jaribio la kwanza. Alitetemeka, akataka kulala, Bakiri akavuta waya wa mafuta, akaamka.

Hapo Bakiri akasema ukweli. Akiwa mwendoni Kifaru hana neno. Akisimama robot bila mtu wa kumshikilia, atazimika, na asiyemzoea atamzima robot ya kwanza. Kutoka pale mpaka kanisani robot ni tano.

Lambert alishuka kabla hajaambiwa. Célestine alivua aproni, akapanda mahali pake.

"Mama wa bibi-arusi haendeshi," alisema Clémentine. "Anakaa nyuma, analia."

"Nitalia nikifika," alisema Célestine, akatia gia.

Waliteremka Yeoville, msafara nyuma yao ukipiga honi, watu wa saluni wakitoka na vitana mikononi kuwashangilia. Robot ya kwanza ilikuwa kijani. Ya pili nyekundu. Célestine alikanyaga klachi, akavuta breki ya mkono, akaacha mguu wa kulia kwenye mafuta, si mwingi, kiasi cha kumshika mtoto anayesinzia. Hivyo ndivyo alivyokuwa anafanya Ezéchiel miaka ile ya kwanza, kabla ya ganda la sindano, na yeye akimcheka. Kwenye robot ya tatu injini ilishuka ghafla. Murielle alikamata kiti cha mbele. Célestine hakutazama chochote, alisikiliza tu. Aliusikia ule mshono unaoruka, akaongeza kidogo, akapunguza, akaongeza, mpaka taa ikabadilika. Dereva wa taksi aliyekuwa kando alitoa kichwa nje akamwambia mama, hiyo mashine ni sharp, ni kali kweli. Robot ya nne, ya tano. Kuna mlima mdogo kabla ya kanisa, na pale Kifaru hakuhitaji msaada wa mtu. Aliupanda akinguruma kama siku zake.

Célestine alisimama mbele ya mlango wa kanisa na hakuzima injini. Aliushikilia mguu palepale mpaka Hénock alipofungua mlango, mpaka kiatu cheupe cha Murielle kikagusa ngazi, mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Ndipo akageuza funguo, akaichomoa, akaifunga ndani ya kiganja. Kwenye ukucha wa kidole gumba kulikuwa na grisi nyeusi. Akakaa humo dakika moja peke yake, akalia kama alivyoahidi, akafuta uso, akashuka.

Jumatatu Bakiri alikifunga kidude kingine, safari hii bila kutoa mawaidha. Pointi zikarudi kwenye droo. Clémentine anapowasimulia wageni harusi ile, anasema alikishika kifuniko cha distributa kwa mikono yake, na nusu ya kanisa sasa inaamini yeye ndiye aliyetengeneza. Célestine hamsahihishi.

Jumapili bado anakaa ndani ya Kifaru uani akitoka kanisani. Amenunua kiredio kidogo cha kaseti cha betri, anakiweka kwenye kiti cha pembeni, mahali pa abiria. Funguo anaiacha ndani ya nyumba, juu ya cherehani.